Jaribio la Kupindua Guta

Mgeni aliingia karakana yetu Jumanne asubuhi, saa ya chai, bila hodi, akiwa amevaa viatu vinavyong'aa. Viatu ndivyo vilivyotutisha. Katika karakana ya Chuo cha Ufundi hakuna anayevaa viatu vya namna hiyo. Hata mkuu wa chuo akija kutukagua huvaa vile vilivyokwisha visigino. Mgeni alisimama kati ya mashine ya kukerezea na mtungi wa gesi, akatazama juu, akatazama chini, kisha akatoa karatasi kwenye faili lake na kuuliza ni nani kati yetu aliyeiandika.

Lilikuwa tangazo letu. Nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino mzito, nikalibandika kwenye ubao wa chuo Ijumaa iliyotangulia. Lilisema hivi:

JARIBIO LA KUPINDUA. Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, uwanja wa karakana. Wahusika: Kundi la Tatu. Vifaa: winchi, kamba, gunia la mchanga. Nyote mnakaribishwa.

Nikasema ni mimi, naitwa Lusekelo, na nikamwomba radhi kama mwandiko haukusomeka.

Alijitambulisha kwa sauti ya upole kuwa ni Bwana Ngwali wa Ofisi ya Maneno Nyeti. Alisema mwandiko unasomeka vizuri sana. Ameitumikia ofisi hiyo miaka ishirini na miwili, ameshughulikia njama za kila aina, lakini hajawahi kukutana na njama iliyobandikwa ubaoni, ikatajwa na saa, na watu wote wakakaribishwa.

Msomaji asiye wa kwetu inabidi nimweleze. Nchi yetu ina jina, ila jina hilo hutamkwa kwa kibali, na kibali changu kimeisha muda. Itoshe kusema kuwa ni nchi tulivu. Mlezi Mkuu wa Taifa anatulea mwaka wa thelathini na moja sasa, na katika muda wote huo hakuna kitu kilichopinduka: si serikali, si kivuko, si lori la mafuta. Malori kwetu hulala. Vivuko hupumzika. Mama Chausiku, anayetuuzia chapati getini, aliwahi kuitwa na ofisi hiyohiyo kwa kumwambia mteja asubiri kidogo apindue moja. Aliandikishwa karatasi, na tangu siku hiyo chapati zake huzigeuza. Binafsi sijaona tofauti ya ladha.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini Bwana Ngwali amekuja, na nikaona fahari kidogo kwamba ofisi kubwa kama ile inasoma matangazo ya wanafunzi.

"Mnataka kumpindua nani?" akauliza.

"Guta," akajibu Nyamizi, kiongozi wa kundi letu.

Bwana Ngwali akaandika. "Huyu Guta ana cheo gani?"

Nyamizi akamwonyesha kwa kidole. Guta lilikuwa nyuma yake: pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya kubebea matofali na madumu ya maji. Tulikuwa tumeng'oa bodi ya mizigo na kuweka kitanda chenye paa, ili libebe akina mama wajawazito kutoka vijiji vya mlimani hadi hospitali ya wilaya. Ulikuwa mradi wetu wa mwaka wa mwisho. Kampuni ya Guta Imara ndiyo iliyotufadhili, na sisi tukifaulu ilikusudia kutengeneza mengine arobaini. Nyamizi alimweleza kwamba ili kujua usalama wa chombo kama hicho, unakipandisha juu ya jukwaa pamoja na mzigo wake, ukainua upande mmoja wa jukwaa kwa winchi, nyuzi moja baada ya nyingine, mpaka ujue ni kwenye mwinamo gani kinapinduka. Mafundi huliita jaribio la kupindua. Sisi tulilikuta na jina hilo.

"Na gunia la mchanga? La kuzuia risasi?"

"Hapana, mzee. Huyo ni mama mjamzito."

Lilikuwa gunia la kilo sabini limelazwa kitandani, na Nyamizi alikuwa amelifunga kanga ili tusilizoee kwa kulitupatupa. Bwana Ngwali aliinama kidogo kama anayetaka kulisalimu, kisha akajikumbuka. Akazunguka guta polepole. Alipofika upande wa kulia akasimama, na kalamu ikasimama naye.

Ubavuni mwa paa, Kampuni ya Guta Imara ilikuwa imechora picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, kubwa kama mlango.

"Likipinduka," akauliza taratibu sana, "linaangukia upande upi?"

Mwenzetu wa tatu alikuwa Kaboko, fundi hodari wa kuchomelea ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza. "Kulia, mzee," akasema. "Palepale kwenye picha."

Bwana Ngwali akafunga faili. Alitushukuru kwa ushirikiano wetu na akatuomba, kama hatutajali, tusisafiri.

* * *

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumesafiri, na hilo ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Tulipanda Kwamgongo kupima njia ambayo guta lingepita. Huko juu kuna zahanati yenye vyumba viwili na muuguzi mmoja, Nesi Agripina, ambaye amekaa peke yake miaka kumi na mmoja. Mama akishikwa na uchungu mbaya, wanaume wanne humbeba kwa machela mwendo wa saa mbili hadi barabara kuu. Njiani kuna Kona ya Mbuzi, mahali ambapo mvua imekula njia upande wa bondeni hadi ikainama kama sahani iliyoshikwa vibaya. Tuliipima mara tatu. Nyuzi kumi na nane.

Hesabu yake haikuhitaji chuo. Guta likihimili zaidi ya kumi na nane, mama atapita. Likipinduka kabla ya kumi na nane, ataishia bondeni pamoja na mtoto wake, kitanda chetu na kanga yake.

Nesi Agripina alitusikiliza huku akikunja mashuka. Alilifurahia guta, lakini kwa namna ya mtu aliyekwisha furahishwa mara nyingi. Kisha akafungua kabati na kutuonyesha bunda la karatasi zenye mihuri. Moja ilithibitisha kuwa jokofu la chanjo linagandisha. Jokofu lenyewe alikuwa akiwekea viatu. Nyingine ilithibitisha kuwa zahanati ina umeme.

"Mwanangu, msinitumie karatasi," akaniambia. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu nilikuwa namshikia shuka upande wa pili. "Karatasi zote zinasema salama. Mkishapima, njoo wewe, uniambie hiyo namba kwa mdomo wako. Mpaka uje, simpandishi mtu."

Nikamwambia nitakuja. Nilisema vile kama mtu anavyosema atarudisha kikombe. Mlangoni alikuwa amekaa Mwanaidi, ambaye alikuwa amebakiza kama mwezi, naye akacheka na kusema basi nifanye haraka, maana mwanawe hana subira.

* * *

Jumatano uamuzi wa Ofisi ya Maneno Nyeti ulifika, kurasa sita. Ulikuwa wa huruma kuliko tulivyotegemea. Jaribio lingeruhusiwa mradi lisiwe jaribio, wala lisiwe la kupindua. Jina jipya lilikuwa Zoezi la Kuegemeza kwa Heshima. Waziri wa Utulivu wa Taifa angekuwa mgeni rasmi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa kundi lolote la mwaka wa mwisho. Aya ya mwisho ilisema kuwa katika tukio lote guta halitaanguka. Haikusema lisianguke, ambayo ingekuwa amri. Ilisema halitaanguka, kama mtu anayetoa taarifa ya jambo lililokwisha tokea.

Mchana akaja Bi. Hobokela, afisa uhusiano wa Kampuni ya Guta Imara, mwanamke mchangamfu anayemwita kila mtu mdogo wangu. Alituletea fulana zenye jina la kampuni, barua tatu za ajira zenye majina yetu, na ripoti ya mradi wetu ikiwa imechapwa na kujalidiwa. Niliifungua kwa furaha. Hadi siku ile sikujua kwamba matokeo yanaweza kufika kabla ya jaribio; inaokoa muda mwingi. Hitimisho lilikuwa neno moja: Halipinduki. Chini yake palikuwa na nafasi tatu za sahihi.

Nilimuuliza, kwa adabu, namba itaandikwa wapi.

"Namba ya nini, mdogo wangu?"

Nikamwambia namba ya nyuzi. Kila kitu hupinduka, hata kabati, hata meza; swali ni kwenye nyuzi ngapi. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema namba ni za watu wenye mashaka. Nyamizi akapendekeza kwamba walau tuing'oe picha ya ubavuni kabla ya zoezi. Bi. Hobokela akashusha sauti na kutuambia tutafute neno jingine, kwa sababu kung'oa pia limo kwenye orodha ya maneno nyeti.

Mkufunzi wetu, Dakta Shekighenda, alikuwa amekaa pembeni muda wote, akisafisha miwani ambayo ilikuwa safi. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba chuma hakisikii hotuba. Bi. Hobokela alipoondoka, alituita karibu na kutuambia tufunge kamba ya usalama kutoka kwenye paa hadi kwenye nguzo ya winchi. Guta litainama hadi mwisho wake, lakini kamba italishika, na picha haitagusa chini.

"Sasa tutajuaje limefika mwisho, mwalimu, kama halianguki?" akauliza Kaboko.

Dakta akachana ukurasa kwenye daftari na kuusukuma chini ya gurudumu la upande wa juu. Akasema gurudumu likiwa bado limebeba uzito, karatasi haivutiki. Siku karatasi itakapotoka bila ubishi, gurudumu halikanyagi tena, na chombo kimekwisha pinduka, hata kama bado kimesimama.

* * *

Ijumaa saa nne kamili, uwanja wa karakana ulikuwa na bendi, mahema mawili, viti vyenye vitambaa, na watu kama mia tatu waliokuja kuona kitu kisichoanguka. Asubuhi hiyo lilizuka tatizo dogo la utaratibu. Kwa mujibu wa sheria, karatasi yoyote iliyo ndani ya hatua ishirini kutoka kwa Waziri huwa chini ya uangalizi wa Ofisi ya Maneno Nyeti. Hivyo mimi sikuruhusiwa kuivuta. Bwana Ngwali alivua koti, akalikunja, akachuchumaa kando ya gurudumu, na mimi nikachuchumaa kando yake kumwelekeza.

Waziri wa Utulivu alihutubia dakika hamsini. Alisema utulivu si kutosogea. Utulivu ni kusogea bila kuonekana. Alisema mataifa mengine yana magari ya magurudumu manne kwa sababu hayajiamini. Akalisogelea guta na kulipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa maonyesho.

"Gurudumu la kwanza ni Mlezi Mkuu," akasema. "La pili ni wananchi wanaompenda. La tatu, ndugu zangu, ni Mlezi Mkuu tena, kwa ajili ya dharura."

Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Ilikuwa fizikia ya namna yake.

Kaboko akaanza kuzungusha mkono wa winchi. Jukwaa likalia, upande wa kushoto ukapanda. Nyamizi alisimama mbele ya kipimo na kusoma nyuzi kwa sauti. Tano. Bwana Ngwali akavuta karatasi, haikutoka. Nane. Haikutoka. Kumi. Gunia la mchanga likajisogeza kidogo kitandani, na mama mmoja kwenye mahema akashika mdomo. Kumi na mbili. Bendi iliyokuwa ikipiga taratibu ikaacha, bila kuambiwa na mtu.

Kumi na nne. Karatasi ikasogea kidogo, kisha ikakataa. Nilikuwa nasikia pumzi za Bwana Ngwali. Nilikuwa naomba, na siombi mara nyingi karakanani. Nilikuwa nahesabu zile nyuzi nne zilizobaki kufika kumi na nane kama mtu anayehesabu hatua za mtoto anayejifunza kutembea. Kumi na tano. Kumi na sita. Kamba ya usalama, iliyokuwa imelegea, ikanyooka.

"Kumi na saba," akasoma Nyamizi.

Bwana Ngwali alivuta kwa nguvu ileile aliyoitumia mwanzo, na nusura aanguke chali. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, nzima. Gurudumu la juu lilikuwa linazunguka polepole hewani, na guta zima, mama wa mchanga na kanga yake, na tabasamu la Mlezi Mkuu, vilikuwa vimening'inia kwenye kamba moja ya katani.

Aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Kisha akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Kutoka kwenye mahema hakuna aliyeona chochote isipokuwa guta limeinama na halijaanguka. Waziri akasimama. "Halikupinduka," akatangaza, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, ambao kwetu hairuhusiwi kuongea ukipigwa. Unapigwa mara nne.

* * *

Tatizo ni kwamba Nyamizi ana sauti nzuri. Watu wa safu za mbele walikuwa wamesikia namba ya mwisho, na kufikia saa tisa alasiri getini walikuwa wanaulizana maana yake. Serikali haikukaa kimya. Saa kumi lilitoka tangazo kwamba namba iliyo kati ya kumi na sita na kumi na nane imesitishwa kwa muda usiojulikana, kwa ajili ya matengenezo. Nilishangazwa na wepesi wa utekelezaji. Chumba cha jirani yangu bwenini kikawa Kumi na Sita ya Pili. Karani wa stoo alipita na kisu akikwangua futi zote za chuo. Wasichana na wavulana wa mwaka wa kwanza wenye umri huo waliambiwa wachague kurudi nyuma au kusonga mbele, wengi walisonga.

Kisha tukaitwa kusaini ile ripoti. Ambaye hajasaini hatatoka nje ya geti, na cheti chake hakitatoka ofisini. Kaboko alisaini wa kwanza, haraka, kama mtu anayeruka mfereji. Nyamizi alishika kalamu muda mrefu. Ana wadogo watano, na barua ile ya ajira alikuwa amekwisha wasomea kwa simu. Akasaini, kisha akatoka bila kunitazama.

Tulibaki mimi na Dakta Shekighenda. Alinisihi kwa maneno mengi ambayo sitayarudia, kwa sababu ni mtu mwema na yalikuwa yanamuuma. Amebakiza miaka miwili kustaafu. Guta litapelekwa Kwamgongo kesho asubuhi kwa sherehe, nikitaka nisitake. Sahihi yangu haitalizuia wala kulisukuma.

"Saini tu, mwanangu," akasema. "Halafu moyoni ujue ukweli."

Nilimjibu kuwa nesi aliniambia nije nao mdomoni. Hakusema moyoni.

Alivua miwani na kuanza kuisafisha tena. Nikamuaga, nikatoka.

Nyamizi alikuwa ananisubiri nyuma ya karakana, ameegemea mapipa ya oili chafu. Alinipa kibali chake cha kutoka, ambacho kilikuwa kimeandikwa Kundi la Tatu bila jina la mtu. Alisema mlinzi wa geti hajui kusoma sura. Nikamwambia hana sababu ya kulia. Akasema halii, ni moshi, ingawa hapakuwa na moto.

"Ukifika, usiseme kwa mdomo wako tu," akaniambia. "Sema na kwa wangu."

* * *

Niliondoka kulipopambazuka. Mtu wa maziwa alinibeba kwenye pikipiki yake hadi njia panda, na kutoka hapo nilipanda kwa miguu. Msafara wa kampuni ulinipita mapema, magari sita na lori lililobeba guta, likanitimulia vumbi, huku nyuma yake kikipepea kitambaa kilichoandikwa Halipinduki. Niliwaza watasimama kila kijiji kuhutubia, na kweli walisimama, lakini gari ni gari. Nilipofika Kona ya Mbuzi, nilikuta magari yote yameegeshwa, maana njia haikuyatosha, na mbele yake alama za guta kwenye udongo na nyayo nyingi za watu pande zote mbili. Walikuwa wamelishusha kwenye lori, likiwa tupu, na wanaume kumi wenye fulana za kampuni walilivusha wakilishikilia kama jeneza. Hilo halikupigwa picha.

Nikakimbia iliyobaki.

Uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa. Guta lilikuwa limefungwa utepe, dereva amekaa, injini inanguruma. Mwanaidi alikuwa ameegemea ukuta wa kibaraza, ameshika kiuno, jasho linamtoka. Mwanawe hakuwa na subira kweli. Bi. Hobokela alikuwa akimwambia mpiga picha asogee, na kumwambia Nesi Agripina, kwa mara ya sijui ngapi, kwamba mgonjwa anachelewa. Nesi alikuwa ameinama bombani, anaosha beseni moja. Wenyeji waliniambia baadaye kuwa alikuwa akiliosha tangu msafara ulipofika, akisema ni utaratibu.

Bwana Ngwali alitoka kwenye kivuli cha mti na kunizuia njia. Hakuonekana kushangaa. Alikuwa na bahasha, akaifungua ili nione.

Kilikuwa cheti changu. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu, halina kosa hata moja, na sahihi ya mkuu wa chuo ilikuwa bado inang'aa. Nyumbani, mama yangu alikwisha paka chokaa sehemu ya ukuta mahali atakapokitundika.

"Na kazi yako bado ipo," akasema Bwana Ngwali kwa sauti ya chini. "Nesi anakusubiri wewe, kijana. Mwambie neno moja tu, lile lililoandikwa kwenye kitambaa. Ukitaja ile namba, mimi ninalazimika."

Ningependa kusema kwamba sikusita. Nilisita. Nilikitazama cheti kile kwa muda wa kutosha dereva kuniangalia mara mbili. Nikamuuliza Bwana Ngwali kama ile karatasi bado iko mfukoni mwake. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa suruali na kukaa hapo.

Nikampita.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba." Aliliweka beseni chini. "Umekuja na mdomo?"

"Nimekuja nao, na wa mwenzangu."

"Haya."

Injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti, na uwanja mzima ukasikia. "Linapinduka kwenye nyuzi kumi na saba. Kona ni kumi na nane."

"Rudia."

Nikarudia. Nesi Agripina akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea kikombe alichokuwa ameazimisha. Akamgeukia dereva na kumwambia azime. Dereva akamtazama Bi. Hobokela, akamtazama Mwanaidi, akazima.

Bwana Ngwali alikuwa ameanza kuandika. Aliandika saa, mahali, na jina langu lote. Alipofika kwenye maneno niliyoyatamka, kalamu ikakwama, kwa sababu namba hiyo ofisi yake yenyewe ilikuwa imeisitisha, na hakuna afisa anayeruhusiwa kuiandika. Akaacha pengo. Kisha akakiingiza cheti kwenye bahasha, bahasha kwenye faili, na faili akalifunga kwa kamba yake. Liko huko hadi leo. Nikienda kuuliza, ofisini hunipokea vizuri na kuniambia suala langu linasubiri namba.

Nesi aliita machela. Wanaume watatu wakasogea. Wengine walikuwa wamevaa fulana, wakabaki wakitazama utepe. Nikashika pembe ya nne. Tulimlaza Mwanaidi, nesi akatangulia mbele na mkoba wake, tukaanza kushuka, na nyuma yetu hakuna aliyepiga picha.

Kwenye kona nilijikuta upande wa bondeni. Udongo ulikuwa unasogea chini ya soli zangu. Mwanaidi, macho amefumba, aliuliza tumefika wapi.

Nikamwambia tumefika Kona ya Mbuzi, ni pabaya, ajishike.

Akajishika, tukapita.